Misuli ya moyo iliyonenepa kwa kurithi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwendo wa damu na kazi ya moyo

Ukurasa huu ni wa mtu aliyeambiwa kwamba misuli ya moyo wake, au ya mwanawe, imenenepa kwa sababu ya kurithi. Ni wa ndugu zake pia. Maswali ni yale ambayo sisi tunaopima eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huulizwa mara nyingi, hasa kipimo kikiwa kimekwisha na mgonjwa yuko mlangoni anaondoka. Pale ambapo jibu fupi hupotosha, nimejibu kwa kirefu. Jambo moja nitalirudia: katika ugonjwa huu moyo hukaza vizuri, taabu yake iko kwenye kulegea na kujaa. Ukilishika hilo, mashauri mengi ya daktari hayatakushangaza tena.

Huu ni ugonjwa gani hasa?

Ni aina ya kadiomayopathi, yaani ugonjwa wa misuli yenyewe ya moyo. Ventrikali ya kushoto, chumba cha chini kinachosukuma damu kwenda mwilini, inakuwa na ukuta mnene bila sababu ya kutosha kutoka nje: hakuna presha ya juu iliyokaa miaka mingi, hakuna vali (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyokakamaa. Kwa mtu mzima ukuta huo kwa kawaida hauzidi milimita 12. Ukifika milimita 15 sehemu yoyote, na sababu nyingine zimeondolewa, daktari ana haki ya kuutaja ugonjwa huu. Kwa mtu ambaye ndugu yake wa damu tayari anao, milimita 13 zinatosha.

Unene huo mara nyingi hauko sawa pande zote. Hujikusanya zaidi kwenye ukuta wa kati, ule unaotenganisha ventrikali mbili. Mwaka 1958 mwanapatholojia Donald Teare wa London alieleza mioyo ya namna hii ya vijana, wengi wao wakiwa wamefariki ghafla. Chini ya darubini nyuzi za misuli zilikuwa zimepishana ovyo badala ya kulala sambamba. Mpishano huo ndio mzizi wa mengi yatakayofuata.

Si ugonjwa wa nadra kama wengi wanavyodhani. Makadirio yanayotumika sana ni mtu 1 kati ya 500, na wengi wao hawajui kwamba wanao.

Kama ni wa kuzaliwa nao, mbona dalili zimeanza nikiwa mtu mzima?

Ulichozaliwa nacho ni jeni. Unene wenyewe unaweza kuchelewa: kwa wengi hujitokeza mwili unapokua kwa kasi wakati wa kubalehe, kwa wengine baada ya miaka 40. Jeni zinazohusika zaidi ni MYH7 na MYBPC3. Zote mbili zinaelekeza utengenezaji wa protini zinazofanya misuli ya moyo ikaze. MYH7 ndiyo iliyotambuliwa kwanza, mwaka 1990.

Mzazi mwenye jeni yenye hitilafu ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume. Hakuna alichokula mama, alichobeba wala alichokasirikia akiwa mjamzito kinachousababisha. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona kina mama wengi wakijilaumu bure.

Mtoto mchanga mwenye moyo mnene huchunguzwa kwa njia yake. Inaweza kuwa ugonjwa wa Pompe, ambapo sukari iliyohifadhiwa hushindwa kuvunjwa ndani ya seli, au sindromu ya Noonan, ugonjwa mwingine wa jeni unaogusa viungo vingi. Na yuko mtoto wa mama aliyekuwa na kisukari wakati wa ujauzito: yeye huweza kuzaliwa na ukuta mnene ambao hupungua wenyewe ndani ya miezi michache. Huyo hana ugonjwa wa kurithi tunaouzungumzia hapa.

Je, ndiyo huu unaoitwa moyo mkubwa?

Hapana, ingawa watu huviita vyote hivyo. Moyo uliotanuka una chumba kipana, kuta zilizolegea na mkazo dhaifu. Moyo ulionenepa una kuta nene na chumba kilichobanwa, na kwenye picha ya eksirei unaweza kuonekana wa kawaida kabisa. Tofauti hii ina uzito wake kwenye dawa: dawa za kufungua mishipa zinazompa nafuu mwenye moyo uliotanuka zinaweza kumwangusha mwenye njia ya damu iliyobanwa. Kwa hiyo usimeze dawa za moyo za jirani wala za ndugu, hata kama naye ameambiwa ana moyo mkubwa.

Majibu ya eko yanasema moyo wangu unasukuma asilimia 70. Daktari anasema ni nzuri. Mbona nikipanda ngazi nahema?

Katika maswali yote, hili ndilo ninalopenda kulijibu kwa utulivu.

Asilimia hiyo inaeleza ni sehemu gani ya damu iliyokuwamo ndani ya ventrikali imetoka kwa pigo moja. Haisemi ni damu kiasi gani. Chukua chumba cha kawaida chenye mililita 120, kikatoa 72: hiyo ni asilimia 60. Sasa chukua chumba kilichobanwa na kuta nene, kinachobeba mililita 80 tu, kikatoa 56: hiyo ni asilimia 70. Cha pili kina asilimia kubwa zaidi, lakini kwa kila pigo mwili umepata mililita 16 pungufu. Kwa mapigo 70 kwa dakika, wa kwanza anapata lita 5 na wa pili hafikishi 4. Ndiyo maana kwenye ugonjwa huu asilimia 70 haitoshi kumwambia mtu kwamba yuko salama.

Baada ya kukaza, moyo hutakiwa kulegea ili ujae tena. Kulegea nako ni kazi inayokula nishati: protini zilizoshikana lazima ziachiane, na kalsiamu iliyomwagwa ndani ya seli lazima irudishwe ilikotoka. Kwenye misuli yenye hitilafu hii, protini nyingi kuliko kawaida hubaki zimeshikana wakati zingepaswa kupumzika. Ongeza unene na makovu, utapata ukuta mgumu usiokubali kutanuka. Damu inayotoka kwenye mapafu inafika mlangoni na kukuta chumba hakifunguki vizuri. Shinikizo linapanda kwenye atria ya kushoto, chumba cha juu, kisha linarudi nyuma hadi mapafuni. Hapo ndipo pumzi inapokata.

Ukipanda ngazi mambo huzidi. Moyo unapopiga mara 60 kwa dakika, kila pigo lina sekunde nzima, na karibu theluthi mbili yake ni muda wa kujaa. Ukipiga mara 150, pigo zima lina sekunde 0.4, na sehemu inayopunguzwa zaidi ni hiyohiyo ya kujaa. Moyo unaolegea vizuri hustahimili haraka hiyo. Moyo mgumu hauwezi.

Nimeambiwa "njia ya kutokea damu imebanwa". Imebanwa na nini?

Damu hutoka ventrikali ya kushoto ikipita kati ya vitu viwili: ukuta wa kati upande mmoja, na jani la mbele la vali ya mitrali, ile iliyo kati ya atria na ventrikali ya kushoto, upande wa pili. Ukuta ukiwa mnene, njia inakuwa nyembamba na damu inapita kwa kasi, kama maji ya mpira wa bustani uliobanwa mdomoni. Mkondo huo hulisukuma na kulivuta jani la vali kuelekea ukutani, katikati ya pigo, wakati lilipaswa kutulia nyuma limefunga. Jani likigusa ukuta, njia inazibwa. Na kwa kuwa limeacha mahali pake, vali nayo inavuja, damu nyingine inarudi nyuma kwenye atria. Kwa pigo moja mgonjwa anapoteza mara mbili.

Tunapima mbano huo kwa kasi ya damu kwenye eko. Kasi, kwa mita kwa sekunde, huzidishwa kwa yenyewe, kisha mara 4. Mita 3 kwa sekunde ni tofauti ya shinikizo ya milimita 36 za zebaki, mita 4 ni 64, mita 5 ni 100. Kuanzia 30 tunasema njia imebanwa. Kuanzia 50, kama dalili zinaendelea licha ya dawa, ndipo mazungumzo ya upasuaji huanza.

Takribani theluthi moja ya wagonjwa wana mbano hata wakiwa wamelala. Theluthi nyingine hawana mpaka wachokozwe, na theluthi iliyobaki hawana kabisa. Kwa ajili ya hao wa katikati, mpimaji atakuomba uvute pumzi, uzibe, ujikaze tumbo kama mtu anayekwenda haja kubwa, au usimame, au upimwe baada ya kukimbia kwenye mashine. Tafadhali jikaze kwelikweli. Nimeona mbano wa 80 ukionekana kama 20 kwa sababu mgonjwa aliona haya kujikaza mbele yetu.

Kwa nini asubuhi niko salama na jioni nasikia kizunguzungu?

Kwa sababu mbano huu si mfupa, unabadilika kila saa. Unazidi mambo matatu yanapotokea: moyo ukiwa na damu kidogo ndani yake, moyo ukikaza kwa nguvu zaidi, au mishipa ya mwili ikifunguka na kupunguza upinzani kule mbele. Chumba kisipojaa, ukuta na jani la vali husogeleana.

Yatazame mambo ya kila siku kwa jicho hilo. Kuharisha, kutapika, homa, jua kali na jasho humaliza maji, na moyo haujai. Kusimama ghafla hupeleka damu miguuni. Mlo mkubwa huvuta damu tumboni, na wagonjwa wengi hueleza kwamba hali huwa mbaya zaidi wakitembea mara baada ya kula. Pombe hufungua mishipa. Kukimbia kisha kusimama ghafla ni hatari ya pekee: miguu imeacha kurudisha damu, na moyo bado unakaza kwa kasi.

Daktari akikuwekea kifaa cha kusikilizia kifuani na kukuambia uchuchumae kisha usimame, anatafuta jambo hilohilo. Ukichuchumaa, damu ya miguu inarudi kifuani, moyo unajaa, njia inapanuka na mvumo, yaani sauti ya damu inayopita kwa kasi, unafifia. Ukisimama, mvumo unapanda. Mivumo mingi mingine ya moyo hufanya kinyume, hivyo kipimo hiki kisicho na gharama kinasema mengi.

Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima, isipokuwa kama daktari wako amekupangia kikomo. Inuka kitandani kwa hatua. Ukiharisha au kutapika, usingoje siku ya pili kutafuta msaada.

Mishipa ya moyo wangu imepimwa, ni safi. Mbona kifua kinauma?

Kipimo kile huonyesha mishipa mikubwa inayopita juu ya moyo. Tatizo lako liko kwenye mishipa midogo iliyozama ndani ya misuli: kuta zake zimenenepa na tundu lake limepungua. Zaidi ya hapo, misuli ya ventrikali ya kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati imelegea, kwa kuwa inapokaza huiminya mishipa yake yenyewe. Misuli isiyolegea vizuri inajinyima chakula, na hali ni minene, inahitaji zaidi. Maumivu hayo ni ya kweli, si wasiwasi.

Njaa hiyo ikirudiwa miaka mingi, seli hufa na kovu hubaki. Picha ya MRI yenye dawa ya gadolinia huyaonyesha makovu hayo. Ukipewa kidonge au dawa ya kupuliza ya naitreti chini ya ulimi, mweleze anayekupa kwamba una misuli minene ya moyo. Dawa hiyo hufungua mishipa, na kwa mwenye mbano inaweza kumfanya azimie.

Mapigo yangu wakati mwingine hayana mpangilio. Nijali?

Ndiyo. Atria iliyovimba kwa shinikizo la miaka mingi huanza kutetemeka badala ya kukaza. Kwa moyo mgumu hasara ni kubwa, kwa sababu ule msukumo wa mwisho wa atria ndio ulikuwa ukimalizia kuijaza ventrikali. Wengi hulijua hilo siku hiyohiyo kwa kuishiwa nguvu ghafla. Hatari ya pili ni damu kuganda ndani ya atria, kisha kipande kupelekwa kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kwa hiyo mwenye ugonjwa huu akipata mtetemeko wa atria hushauriwa dawa za kuzuia damu kuganda, hata akiwa kijana asiye na ugonjwa mwingine.

Je, nitakufa ghafla?

Wengi hawafi hivyo, na wengi huishi umri wa kawaida. Lakini swali hili halifai kukwepwa. Nyuzi zilizopishana na makovu huupotosha umeme wa moyo, na mapigo ya ventrikali yakivurugika, damu haitoki kabisa. Wapenzi wa soka wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili wake ulihusisha kifo hicho na ugonjwa huu.

Daktari hupima hatari kwa kuuliza na kupima mambo ya wazi: kuzimia kusikoelezeka, ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana, ukuta wa milimita 30 au zaidi, makovu mengi, mapigo ya kasi ya ventrikali kwenye kipimo cha saa 24 au zaidi, na asilimia ya kusukuma iliyoshuka chini ya 50. Mwenye hatari kubwa huwekewa kifaa chini ya ngozi kinachoutambua mvurugiko na kuushtua moyo urudi kwenye mpangilio. Kifaa cha kwanza cha aina hiyo kiliwekwa kwa binadamu mwaka 1980. Hakipunguzi unene wala mbano, kazi yake ni moja tu.

Matibabu yanafanya nini kwenye mwendo wa damu?

Beta bloka hupunguza kasi ya mapigo na nguvu ya mkazo, hivyo moyo unapata muda wa kujaa na mkondo unapungua ukali. Verapamili hufanya kazi inayofanana nayo, kwa uangalifu pale mbano ni mkali. Disopiramidi huongezwa kwa wenye mbano usiosikia dawa hizo. Mavakamteni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, huzifikia zile protini zinazoshikana kupita kiasi na kuzifanya ziachiane. Kwa kuwa inapunguza mkazo, anayeitumia lazima apimwe eko mara kwa mara, na asilimia ikishuka chini ya 50 dawa husimamishwa.

Dawa zikishindwa, mpasuaji anaweza kukata sehemu ya ukuta wa kati na kupanua njia. Kwa mikono iliyozoea, hii ni tiba nzuri sana, na nafuu huonekana mapema. Njia nyingine ni kuingiza pombe safi kupitia mrija kwenye mshipa mdogo unaolisha sehemu iliyonenepa, ili kipande hicho kife na kusinyaa. Ulrich Sigwart aliianza London mwaka 1994. Uamuzi kati ya hizo mbili hutegemea umri, umbo la ukuta na hali ya vali.

Kwa mwenye mbano, dawa za kushusha presha kama amlodipini na nifedipini, dawa za nguvu za kiume kama sildenafili, na dawa za kukojosha kwa wingi zinaweza kumzidishia. Lijulishe kila duka la dawa na kila daktari wa meno. Usiache beta bloka ghafla kwa uamuzi wako.

Naruhusiwa mazoezi?

Ya wastani, ndiyo, na yanashauriwa: kutembea haraka, kuendesha baiskeli polepole, kiasi ambacho bado unaweza kuzungumza. Zamani wagonjwa waliambiwa wakae tu, wakaongezeka uzito na kuzidiwa. Punguza mwendo kidogo kidogo kabla ya kusimama, kunywa maji, na michezo ya ushindani ijadiliwe na daktari bingwa wa moyo anayekufahamu.

Na ujauzito?

Wanawake wengi wenye ugonjwa huu hubeba mimba na kujifungua salama, hata kwa njia ya kawaida. Apimwe kabla ya kushika mimba, na anayemtia dawa ya usingizi aelezwe mapema: dawa ya uti wa mgongo inayoshusha presha kwa kasi huhitaji uangalifu.

Watoto na ndugu zangu wapimwe lini?

Sasa. Wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wapimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko. Eko safi ya leo kwa mtoto wa miaka 9 haimfungulii mlango wa kutokea. Watoto na vijana hurudiwa kila mwaka 1 hadi 2, watu wazima kila miaka 3 hadi 5. Kama jeni yenye hitilafu imepatikana kwa mgonjwa, ndugu asiye nayo anaweza kuachiwa aende zake, naye hatairithisha.

Mtu wetu akianguka, tufanye nini?

Kwanza tazama kama anapumua. Akiwa anapumua, mlaze chali na uinue miguu yake juu, ili damu irudi kwenye moyo. Usimkalishe kitini wala kumsimamisha; mtu aliyezimia kwa mbano huzidi kuharibika akiwa wima. Akizinduka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anasema yuko salama.

Asipoitika na asipopumua kawaida, ita msaada na anza kukandamiza katikati ya kifua mara moja. Kwa mtu mzima kina kiwe sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya kukandamiza acha kifua kirudi juu kabisa, maana moyo hujaa wakati huo. Kukiwa na mashine ya kushtua moyo karibu, iwashe na ufuate maelekezo ya sauti yake. Kama ana kifaa kilichowekwa mwilini, usiogope kuendelea kukandamiza: kikishtua, mikono yako inaweza kuhisi mguso mdogo tu, nawe hutadhurika.